Mizani na printa za zamani zaweza kuunganishwa na mtandao wa kompyuta

Mzani wa jukwaa ukitunzwa vizuri hufanya kazi miaka 20 na zaidi. Kompyuta iliyonunuliwa pamoja nao kwa kawaida haifiki nusu ya umri huo. Ndiyo maana katika stoo za nafaka, dagaa na kahawa kwenye miji ya mipakani hukutwa mzani mzima, wenye stika ya wakaguzi wa vipimo, lakini poti yake ya pini 9 haina pa kuchomekwa kwenye laptopu mpya.

Basi kalamu hushika kazi. Kijana wa stoo husoma namba kwenye kioo cha mzani na kuiandika daftarini, na jioni mwenye mali huinakili kwenye kompyuta iliyoko nyumbani. Katika safari hiyo fupi kilo 83 hugeuka 38, sifuri huongezeka, au gunia moja huandikwa mara mbili. Kosa halionekani hadi mzigo upimwe tena upande wa pili wa mpaka, ambako mnunuzi hulipa kwa kilo alizoziona yeye na si kwa kilo za daftari. Hapo hakuna wa kumlaumu, kwani mzani wa kwanza haukuacha ushahidi wowote isipokuwa mwandiko wa mtu.

Wapo walioamua kubaki na kompyuta kuukuu stoo kwa sababu tu ina tundu la kuchomeka mzani. Mara nyingi kompyuta hiyo bado inatumia Windows XP, ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Kuiweka mashine ya namna hiyo kwenye mtandao mmoja na kompyuta yenye hesabu za biashara na nywila za benki ni kuacha dirisha wazi.

Hakuna haja ya kutupa mzani wala kung'ang'ania kompyuta hiyo. Kipo kifaa kidogo, ukubwa wake kama pakiti ya sigara, ambacho upande mmoja kina poti ya pini 9 na upande wa pili tundu la kebo ya mtandao. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mzani mpya wa jukwaa. Mafundi huita kifaa hiki kigeuzi cha siriali kwenda etheneti. Kukichomeka ni kazi ya dakika tano. Kinachochukua muda, na ndicho kinachowashinda wengi, ni kuhakikisha kwamba namba inayofika kwenye kompyuta ni ile ile iliyo kwenye kioo cha mzani.

Poti hii ni ya aina gani

Utaratibu unaotumiwa na poti hiyo huitwa RS-232. Ulitungwa Marekani mwaka 1960 kwa ajili ya kuunganisha mashine za mawasiliano na modemu, na toleo lililoenea zaidi, RS-232-C, lilitoka mwaka 1969. Mwanzo plagi yake ilikuwa ya pini 25. Ile ya pini 9 ilienea baada ya IBM kuitumia kwenye kompyuta yake ya PC/AT mwaka 1984.

Jina siriali linatokana na jinsi data inavyosafiri: herufi moja huvunjwa kuwa biti, na biti hizo hupita moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja. Biti ya 1 ni umeme hasi wa kati ya volti 3 na 15, na biti ya 0 ni umeme chanya wa kiasi hicho hicho. Kwa kasi ya 9600, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye mizani, hupita herufi kama 960 kwa sekunde. Kwa kompyuta za leo ni mwendo wa kobe, lakini mstari mmoja wa uzito una herufi 20 hivi, kwa hiyo unafika kabla gunia halijashushwa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba RS-232 haijui habari ya anwani. Waya una ncha mbili, kifaa hapa na kifaa pale, basi. Mtandao wa kompyuta ni kinyume chake: kila kilichounganishwa kina anwani yake na vingi vinaongea kwa wakati mmoja. Kazi ya kigeuzi ni kuupa mzani anwani ambayo wenyewe haukuzaliwa nayo.

Tofauti nyingine ni umbali. RS-232-C ilipendekeza kebo isiyozidi futi 50, yaani mita 15 hivi. Kebo ya mtandao inafika mita 100. Kwa hiyo kigeuzi kikae karibu na mzani, na safari ndefu ya kutoka stoo hadi nyumbani au ofisini ifanywe na kebo ya mtandao. Wengi hufanya kinyume, wakirefusha kebo ya mzani hadi kwenye meza ya kompyuta, kisha wanashangaa namba zinapoanza kuruka.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea mpangilio huo, nayo ni radi. Ardhi ya umeme ya stoo na ya nyumba mara nyingi haziko sawa, na kebo ya RS-232 huziunganisha moja kwa moja kupitia waya wake wa kati. Tundu la etheneti lina transfoma ndogo ndani yake inayotenganisha pande mbili, ingawa nayo haiwezi kuzuia radi iliyopiga karibu. Katika ukanda wa Ziwa Victoria, unaojulikana duniani kwa wingi wa radi, ni busara zaidi kuvuka kati ya majengo mawili kwa Wi-Fi, ambayo haina waya wa kupitisha balaa.

Mizani mikubwa, hasa ile ya magari, wakati mwingine hutumia RS-485 badala ya RS-232. Hiyo ilitungwa mwaka 1983 na inaweza kufika mita 1,200. Hutambulika kwa kuwa mara nyingi haina plagi ya pini 9 bali skrubu za kubania nyaya. Kigeuzi cha RS-232 peke yake hakitafaa hapo. Viko vinavyofanya kazi zote mbili, na ni vizuri kuuliza kabla ya kulipa.

Kigeuzi, kompyuta ndogo au adapta ya USB

Vigeuzi vinavyojulikana zaidi ni vya kampuni za Moxa, Lantronix na Digi. Vipo pia vya bei nafuu visivyo na jina, ambavyo vingi hufanya kazi ila maelekezo yake huwa ya kubahatisha. Faida ya kigeuzi ni kwamba hakina diski wala feni, kinawaka chenyewe umeme ukirudi, na hakihitaji kompyuta nyingine iwe imewashwa.

Njia ya pili ni kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2012, pamoja na adapta ya USB yenye poti ya pini 9. Ndani yake huwekwa programu ya bure iitwayo ser2net, na kompyuta hiyo inakuwa kigeuzi. Inafaa kwa mwenye kijana anayeijua Linux, na ina faida ambayo kigeuzi cha kawaida hakina: inaweza kutunza kumbukumbu za uzito hata mtandao ukikatika. Onyo moja: zile pini za Raspberry Pi zilizo wazi juu ya bodi nazo zina siriali, lakini ni ya volti 3.3. Waya wa mzani wenye volti 12 ukigusishwa hapo bodi inaungua. Lazima kuwe na kisahani cha kati chenye chipu kama MAX3232, au itumike adapta ya USB.

Adapta ya USB inaweza pia kuchomekwa moja kwa moja kwenye laptopu kama mzani uko mezani na hakuna haja ya mtandao. Lakini adapta hizi zina kisa chake. Nyingi zinazouzwa madukani kwa bei ya chini zina chipu za kughushi, zilizoandikwa majina ya FTDI au Prolific. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ilitoa programu mpya, iliyosambazwa kupitia Windows yenyewe, ambayo ilifuta namba ya utambulisho ya chipu bandia. Adapta zilizokuwa zikifanya kazi usiku, asubuhi hazikutambuliwa tena na kompyuta. Malalamiko yalikuwa makubwa na programu hiyo ikaondolewa. Prolific nayo ilitoa programu zinazokataa kuanza zinapokutana na chipu bandia. Mwenye biashara anayeona adapta yake ikileta kosa baada ya Windows kujisasisha yenyewe asikimbilie kulaumu mzani.

Nyaya tatu zinazotosha

Mzani mwingi huhitaji nyaya tatu tu: wa kutuma, wa kupokea na wa ardhi. Kwenye plagi ya pini 9 ya kompyuta, pini ya 2 hupokea, ya 3 hutuma, na ya 5 ni ardhi. Kigeuzi kwa kawaida hufuata mpangilio huo huo wa kompyuta. Tatizo ni kwamba baadhi ya mizani hutuma kwenye pini ya 2 na mingine hutuma kwenye pini ya 3, na kebo za madukani ni za aina mbili zinazofanana kwa sura: iliyonyooka na iliyopishana.

Fundi mwenye mita ya umeme anaweza kumaliza ubishi kwa dakika moja. Mzani uwashwe bila kuunganishwa na kitu. Waya mweusi wa mita uwekwe kwenye pini ya 5 na mwekundu uguse ya 2, kisha ya 3. Pini inayotuma, ikiwa imetulia, huonyesha volti hasi, mara nyingi kati ya 5 na 12. Ikiwa ni ya 2, kebo iliyonyooka itafaa. Ikiwa ni ya 3, inatakiwa iliyopishana. Ikiwa hakuna pini yenye umeme, ama poti haijawashwa kwenye mipangilio ya mzani au mzani ulinunuliwa bila kadi ya mawasiliano. Hilo la mwisho hutokea zaidi ya wauzaji wanavyopenda kusema, kwani tundu hutobolewa kwenye kila mzani hata kama ndani hakuna kitu.

Ni vizuri pia kutazama kitabu cha kifaa kabla ya kuchomeka. Vifaa vingine vya dukani, hasa visoma msimbo wa bidhaa, hupitisha umeme wa kujiendesha kwenye mojawapo ya pini zisizotumika.

Mipangilio: pale kosa linapojificha

Mzani na kigeuzi lazima vikubaliane juu ya kasi, idadi ya biti kwa kila herufi, na pariti, ambayo ni biti ya ziada ya kukagua kosa. Mpangilio wa kawaida wa kompyuta huandikwa 9600, 8, N, 1: kasi 9600, biti 8, bila pariti, biti moja ya kufunga. Mizani mingi ya zamani hutumia biti 7 na pariti ya shufwa, yaani 7, E, 1.

Kasi ikikosewa, kompyuta huonyesha takataka tupu na kila mtu anajua kuna tatizo. Pariti ikikosewa, hali ni mbaya zaidi kwa sababu baadhi ya tarakimu hupita salama. Mzani wa 7, E, 1 ukisomwa na kigeuzi kilichowekwa 8, N, 1, tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 hufika kama zilivyo, na nukta pia. Tarakimu 1, 2, 4, 7 na 8 hugeuka kuwa alama zisizoeleweka. Sababu ni hesabu tu: kundi la pili lina idadi witiri ya biti za 1, hivyo mzani huongeza biti ya ziada, na kompyuta huichukulia kuwa sehemu ya herufi.

Sasa achukuliwe mfanyabiashara anayejaribu mfumo wake mpya kwa gunia la kilo 50. Kompyuta inaonyesha 50.0 na wote wanafurahi. Anaweka la kilo 96.5, sawa tena. Kesho yake mzigo wa kilo 125.5 unapanda mzanini. Programu nyingi hutupa alama zisizoeleweka na kubakiza tarakimu, kwa hiyo kinachoandikwa ni 5.5. Kilo 120 zimepotea na hakuna taa nyekundu iliyowaka.

Kwa hiyo jaribio la uzito mmoja halitoshi. Vitu tofauti vipandishwe mzanini hadi tarakimu zote kumi, kuanzia 0 hadi 9, ziwe zimeonekana kwenye kioo, na kila mara kilicho kwenye kompyuta kilinganishwe. Ni kazi ya robo saa. Irudiwe kila mara kigeuzi kinapobadilishwa au mzani unaporudi kutoka kwa fundi.

Mtego wa pili ni nukta. Mizani ya Mettler Toledo, na mingine iliyoiga, ina utaratibu wa kutuma uzito mfululizo bila kuacha. Humo uzito hutumwa kama tarakimu sita bila nukta yoyote, na mahali pa nukta hufichwa kwenye herufi ya hali inayotangulia. Programu isiyosoma herufi hiyo itapokea 001255 na kubaki ikikisia kama ni kilo 1,255 au 125.5. Kubuni mahali pa nukta ndani ya programu hufanya kazi hadi siku mtu abadilishe mpangilio wa mzani.

Wa tatu ni uzito ambao haujatulia. Mtu anapotupa gunia, namba hupanda na kushuka kwa sekunde moja au mbili. Mizani hutofautisha hali hizo. Kwa mfano, kwenye lugha ya amri iitwayo MT-SICS, ya kampuni hiyo hiyo, amri ya S huomba uzito uliotulia na amri ya SI huomba uzito wowote uliopo sasa hivi. Kwa biashara ya kilo inafaa ya kwanza tu.

Upande wa kompyuta

Kigeuzi kipewe anwani ya IP isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.50, ambayo ruta haitaigawa kwa simu ya mtu. Vigeuzi vya Moxa hutoka kiwandani na anwani 192.168.127.254, kwa hiyo laptopu ya kukipangia lazima kwanza ihamishiwe kwenye kundi hilo la anwani. Wasiojua hilo hudhani wameuziwa kibovu.

Baada ya hapo kuna namna mbili za kukitumia. Kama programu ya hesabu au ya stoo ni ya zamani na inajua COM1 au COM2 tu, huwekwa programu ndogo inayotengeneza COM ya bandia ndani ya Windows. Programu ya stoo huiona kama poti ya kweli na haijui kuwa mzani uko jengo jingine. Utaratibu mmoja wa wazi wa kufanya hivyo uliandikwa mwaka 1997 kwa jina RFC 2217, na ndio unaotumiwa na ser2net. Kama programu ni mpya, inaweza kuunganishwa moja kwa moja kwa anwani na namba ya mlango, ambayo kwa Moxa kwa kawaida ni 4001 na kwa Lantronix ni 10001.

Mambo mawili husumbua hapa. Kwanza, kigeuzi kikiachwa kama kilivyotoka kiwandani hupokea kompyuta moja tu kwa wakati. Laptopu ya nyumbani ikibaki imeunganishwa, ya stoo itakataliwa. Pili, mtandao haujali mwisho wa mstari. Uzito 125.5 unaweza kufika vipande viwili, kwanza 12, kisha 5.5. Programu sharti isubiri alama ya mwisho wa mstari ndipo isome, na wanaoandika programu zao wenyewe ndio husahau jambo hili mara nyingi.

Printa za risiti

Kwa printa habari ni nyepesi kidogo. Printa za Epson kama TM-U220 na TM-T88, zilizojaa madukani, zina kadi ya mawasiliano inayofungwa kwa skrubu mbili upande wa nyuma. Kadi ya siriali huweza kuchomolewa na kuwekwa ya etheneti, bila kigeuzi chochote, na baada ya hapo printa hupokea kazi kupitia mlango wa 9100 kama printa nyingine za mtandao.

Anayeamua kutumia kigeuzi kwenye printa akumbuke kwamba nyaya tatu hazitoshi. Printa hupokea maandishi haraka kuliko inavyochapa, na karatasi inapokuwa nyuma huiambia kompyuta isubiri kupitia waya mwingine. Waya huo ukikosekana, risiti fupi hutoka vizuri lakini orodha ndefu ya bidhaa hukosa mistari katikati. Mteja mwenye bidhaa 40 ndiye atakayeligundua.

Mlango usiachwe wazi

RS-232 haina nywila wala siri. Waliotunga utaratibu huo waliamini kwamba aliyeshika waya yuko ndani ya chumba. Kigeuzi huchukua imani hiyo na kuisambaza kwa kila aliye kwenye mtandao. Mteja aliyepewa Wi-Fi ya duka anaweza kusoma uzito wa kila gunia. Zaidi ya hapo, mizani inayopokea amri haitofautishi mwenye duka na mgeni: kwenye MT-SICS, herufi T pekee huuambia mzani uhesabu kilichopo juu yake kuwa ni chombo kitupu, na namba hurudi sifuri.

Hatari huongezeka pale fundi anapofungua mlango kwenye ruta ili mwenye mali asome mzani akiwa safarini. Mwaka 2013 watafiti wa kampuni ya usalama ya Rapid7 waliripoti kuona kwenye intaneti zaidi ya vifaa 114,000 vya namna hii, vya Digi na Lantronix, vinavyoweza kufikiwa na mtu yeyote. Tarehe 23 Desemba 2015, wavamizi walioingia kwenye kampuni tatu za usambazaji umeme nchini Ukraine walikata umeme kwa wateja wapatao 225,000. Kisha wakaharibu programu ya ndani ya vigeuzi vya siriali kwenye vituo, ili wahandisi washindwe kurudisha umeme wakiwa mbali. Ilibidi mafundi waende vituoni kuwasha kwa mkono.

Stoo ya mahindi si kituo cha umeme, ila kifaa ni cha aina ile ile. Nywila ya kiwandani ibadilishwe. Wi-Fi ya wateja itenganishwe na ya biashara, jambo ambalo ruta nyingi za sasa zinaliweza. Anayetaka kuona mzani akiwa mbali apite kwenye VPN, kamwe si kwa kufungua mlango kwenye ruta.

Muhuri wa vipimo na mashine za kodi

Mzani unaotumika kuuzia hukaguliwa na kuwekewa muhuri, Tanzania na Wakala wa Vipimo, Kenya na idara ya vipimo ya serikali, Uganda na UNBS. Kuchomeka kebo kwenye poti iliyoko nje hakugusi muhuri. Kuufungua mzani ili kuongeza kadi au kuunga nyaya ndani ni jambo jingine: muhuri ukikatika mzani haufai kuuzia hadi ukaguliwe upya. Kazi kama hiyo ifanywe muda mfupi kabla ya ukaguzi, na fundi mwenye leseni.

Mashine za kodi, kama EFD zilizoanza kutumika Tanzania mwaka 2010, zisichanganywe na vifaa hivi. Nyingi zina poti inayofanana kabisa, lakini hufungwa na kuhudumiwa na mawakala walioidhinishwa. Hata kuziunganisha na mtandao wa duka kwanza aulizwe wakala.

Stoo mbili, mpaka katikati

Wafanyabiashara wenye stoo pande zote mbili za mpaka hupenda kuona mizani yote miwili kwenye kompyuta moja. Kwa kigeuzi na VPN inawezekana, lakini kuipeleka COM ya bandia kutoka nchi moja hadi nyingine kupitia intaneti ya simu huleta usumbufu. Programu za zamani husubiri jibu la mzani kwa sehemu ya sekunde tu. Mtandao ukisita, programu hudhani mzani umekufa, na mara nyingine huganda hadi kompyuta izimwe.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni kila stoo kuwa na kompyuta yake, hata kama ni Raspberry Pi, inayosoma mzani hapo hapo na kuandika tarehe, saa, namba ya gunia na uzito. Kumbukumbu hizo ndizo zinazotumwa ng'ambo mtandao ukiwepo, na usipokuwepo zinasubiri. Saa za kompyuta hizo zirekebishwe kupitia intaneti, na ziandike saa pamoja na ukanda wake. Tunduma na Nakonde zimetenganishwa na mpaka tu, lakini saa za Tanzania ziko mbele ya za Zambia kwa saa moja. Gunia lililopimwa saa 4 asubuhi upande wa Tanzania na kufika Nakonde nusu saa baadaye litaandikwa limepimwa huko saa 3 na nusu, kabla halijatoka stoo.